Alama za beki katika Fantasy Premier League: takwimu zinapima nini hasa?

Msimu wa 2025/26 ulipoanza, waendeshaji wa Fantasy Premier League, mchezo wa kuunda kikosi cha kufikirika kinacholipwa kwa matukio halisi ya Ligi Kuu ya England, waliongeza kanuni iliyowagusa mabeki kuliko wachezaji wengine wote. Beki anayefikisha matendo 10 ya kujilinda katika mechi moja, ukijumlisha kuondosha mipira ya hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kumpokonya mpinzani mpira, hupata alama 2 za ziada, na alama hizo haziongezeki hata akifikisha matendo 20. Kanuni hiyo ilifufua mabishano ya muda mrefu kati ya pande mbili. Upande mmoja unaona kwamba takwimu hatimaye zimemtendea haki beki anayefanya kazi ngumu katika timu dhaifu. Upande wa pili unashikilia kwamba ubora wa beki ni jambo lisilohesabika, na kwamba kila namba inayoongezwa inazidi kutupotosha. Kila upande una hoja yenye uzito, lakini mara nyingi unajibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mfumo wenyewe ni mwepesi. Beki anayecheza dakika 60 au zaidi hupata alama 2. Timu yake isiporuhusu bao akiwa uwanjani kwa muda huo, yaani akipata klinshiti, huongezewa 4. Bao lake lina alama 6 na pasi ya bao 3. Hukatwa alama 1 kwa kila mabao mawili ambayo timu yake imefungwa akiwa uwanjani, 1 kwa kadi ya njano na 3 kwa nyekundu. Wachezaji watatu waliofanya vizuri zaidi katika mechi hugawiwa bonasi ya alama 3, 2 na 1.

Ukiutazama mgawanyo huo utaona mara moja kwamba chanzo kikuu cha alama za beki ni klinshiti, na klinshiti ni mali ya timu nzima, si ya mtu mmoja. Hapa ndipo takwimu zinapoonyesha nguvu yake. Mabao ya mpira wa miguu ni machache na huingia bila mpangilio maalumu, kwa hiyo yanakaribia sana kufuata kanuni ya Poisson, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 19. Ukijua wastani wa mabao ambayo timu hufungwa kwa mechi, unaweza kukadiria uwezekano wa kutofungwa kabisa: chukua namba 2.718 na uipandishe kwa kipeo hasi cha wastani huo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Tujaribu kwa timu halisi. Chelsea ya msimu wa 2004/05 ilifungwa mabao 15 katika mechi 38. Kanuni inakadiria klinshiti 25.6, na Chelsea ilipata 25. Liverpool ya 2018/19 ilifungwa mabao 22. Kanuni inasema 21.3, na zilipatikana 21. Arsenal ya 2023/24 ilifungwa 29. Kanuni inasema 17.7, na zilikuwa 18. Hata Sheffield United, iliyoweka rekodi mbaya ya kufungwa mabao 104 msimu huohuo, haikuwa mbali sana na makadirio: kanuni iliipa klinshiti mbili na nusu, nayo ikaambulia moja. Ni nadra kwa kanuni yenye herufi moja tu ya kujaza kukaribia ukweli kiasi hicho katika mchezo unaosifiwa kwa kutotabirika.

Maana yake kwa anayechagua mabeki ni nzito. Kabla hujauliza kama beki fulani ni hodari, uliza kwanza timu yake hufungwa mabao mangapi. Msimu wa 2018/19 Andy Robertson wa Liverpool alimaliza na alama 213, nyingi kuliko beki yeyote aliyemtangulia katika historia ya mchezo huu, ilhali hakufunga bao hata moja la ligi. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili wa ukuta uleule, Virgil van Dijk aliyepata 208 na Trent Alexander-Arnold aliyepata 185. Kanuni inamruhusu kila meneja, kama washiriki wanavyoitwa, kuchukua wachezaji watatu tu wa klabu moja, na mwaka ule wapo waliozijaza nafasi zote tatu kwa mabeki wa Liverpool. Kwa hesabu za msimu mzima, hawakukosea.

Hata hivyo, hesabu hizo hizo ndizo zinazompa hoja mpinzani wa takwimu. Kwanza, makadirio niliyoyatoa yanatumia mabao yaliyokwisha kufungwa. Mwezi Agosti hakuna anayejua kama Arsenal itafungwa mabao 29 au 45. Wachambuzi hujaribu kuziba pengo hilo kwa mabao yanayotarajiwa, yaani kupima ubora wa nafasi ambazo timu imewaachia wapinzani badala ya mabao yenyewe, na kipimo hicho kweli hutulia mapema zaidi katika msimu kuliko idadi ya mabao. Bado ni makadirio yanayojengwa juu ya makadirio. Pili, na hili ndilo linalowaumiza mameneja wengi, Arsenal hiyo iliyokuwa na ukuta bora kuliko wote ligini ilikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 47 tu wa kutofungwa katika mechi moja ya kawaida. Anayefunga mahesabu yake Jumamosi saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki, muda wa mwisho wa kupanga kikosi kwa wikiendi nyingi za mwanzo wa msimu, anashika dau lisilofika hata nusu kwa nusu. Akiwa na mabeki watatu wa timu hiyo, bao moja la dakika ya 88 linamnyang'anya alama 12 kwa mpigo. Wengine watasema ndiyo raha ya mchezo. Sawa, lakini raha hiyo haithibitishi wala haikanushi uchambuzi wowote.

Mazingira ya ligi nayo hubadilika. Msimu wa 2018/19 yalifungwa mabao 1,072, wastani wa 1.41 kwa kila timu katika kila mechi; msimu wa 2023/24 yakafika 1,246, idadi kubwa kuliko msimu wowote wa mechi 380, sawa na wastani wa 1.64. Kwa kanuni ileile, uwezekano wa timu ya kawaida kutofungwa ulishuka kutoka asilimia 24 hadi 19. Haishangazi kwamba beki aliyeongoza 2023/24, Ben White wa Arsenal, alipata alama 182, akiwa nyuma sana ya Robertson, na asingestahili kuitwa dhaifu kwa sababu hiyo. Kulinganisha alama za mabeki wa misimu tofauti bila kutazama mabao ya msimu husika ni kosa linalofanywa kila siku, hata na watu wanaojiita wachambuzi.

Alama za ushambuliaji zina mantiki nyingine. Alexander-Arnold alitoa pasi za mabao 12 mwaka 2018/19 na 13 msimu uliofuata, na mwendelezo huo haukuwa bahati, kwa kuwa ulitokana na jukumu alilopewa la kupiga kona, mipira ya adhabu na krosi za mapema. Takwimu za majukumu ya namna hiyo, nani anapiga kona na nani anaifuata kwa kichwa, zinategemeka kuliko takwimu za mabao yenyewe. Beki wa kati anayefunga wastani wa mabao matatu kwa msimu anaweza kufunga moja mwaka huu na matano mwakani bila chochote kubadilika katika uchezaji wake, na tofauti hiyo pekee ni alama 24. Anayemnunua kwa sababu ya yale matano ananunua jana.

Sasa turudi kwenye kanuni mpya. Tuchukue mabeki wawili wa mfano. Wa kwanza yuko katika timu inayofungwa kama Arsenal ile, bao 0.76 kwa mechi, na kwa kuwa timu yake inamiliki mpira muda mwingi, hufanya wastani wa matendo 6 ya kujilinda. Wa pili yuko katika timu inayofungwa bao moja na nusu kwa mechi, na hufanya wastani wa matendo 10 kwa sababu krosi zinamnyeshea. Kwa kanuni za zamani, ukijumlisha klinshiti na kutoa adhabu ya mabao, wa kwanza alitarajiwa kupata alama 1.68 kwa mechi juu ya zile za kucheza, na wa pili 0.38. Pengo lilikuwa 1.3 kila wiki. Ukiongeza alama za kujilinda, na kuchukulia kwamba matendo nayo hufuata Poisson, wa kwanza ana uwezekano wa asilimia 8 wa kufika 10 na wa pili asilimia 54. Matarajio yao yanakuwa 1.85 na 1.46. Pengo limeshuka hadi alama 0.4 hivi, na beki wa pili kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini zaidi katika bajeti ya milioni 100 inayopaswa kutosha wachezaji 15. Kwa hesabu hii, upande unaoisifu kanuni uko sahihi: beki wa timu ya chini, ambaye zamani alikaa benchi la kila kikosi, amepata thamani.

Lakini angalia jinsi kizingiti kinavyofanya kazi. Beki mwenye wastani wa matendo 8 ana uwezekano wa asilimia 28 tu, karibu nusu ya yule mwenye 10, ingawa kazi zao zinatofautiana kwa tendo moja katika kila dakika 45. Mwenye matendo 9 leo hapati kitu. Mwenye 10 anapata sawasawa na mwenye 17. Zaidi ya hapo, idadi ya matendo hutegemea hali ya mechi: timu inayoongoza kwa bao moja huku ikisukumwa nyuma itaondosha mipira mingi, iliyokwisha kufungwa matatu haisukumwi sana. Kwa hiyo Poisson hapa haina utii ulioonekana kwenye klinshiti, na asilimia nilizozitaja zichukuliwe kama dira, si kipimo cha fundi.

Pingamizi kubwa zaidi halihusu hesabu. Linahusu kile kinachohesabiwa. Tarehe 31 Machi 2019, Liverpool na Tottenham zikiwa 1-1 pale Anfield na mechi ikielekea ukingoni, Moussa Sissoko na Son Heung-min walitoka mbio wakiwa wawili dhidi ya van Dijk peke yake. Van Dijk hakumkimbilia mwenye mpira. Alirudi nyuma taratibu huku mwili wake ukiziba njia ya pasi kuelekea kwa Son, mmaliziaji hatari zaidi, hadi Sissoko akalazimika kupiga mwenyewe kwa mguu wa kushoto, na shuti likapaa juu ya lango. Dakika chache baadaye Liverpool walipata bao la ushindi. Katika orodha ya matendo manne yanayolipwa leo, tukio hilo ni sifuri: mpira haukupokonywa, pasi haikunaswa, shuti halikuzuiwa, hatari haikuondoshwa kwa mguu wala kichwa. Hesabu ya matendo humlipa beki kwa kugusa mpira, na sehemu kubwa ya ulinzi mzuri ni kumfanya mpinzani aachane na jambo alilokusudia.

Wanaoitetea kanuni hujibu kwamba mchezo wa fantasi haukuahidi kamwe kupima ubora, na kwamba kinachotakiwa ni jambo linaloweza kuhesabiwa haraka, kwa namna ileile, katika mechi zote 380. Nadhani jibu hilo linatosha kwa mchezo. Halitoshi kwa matumizi yanayofuata nje ya mchezo, pale mjadala kuhusu beki gani asajiliwe au aitwe timu ya taifa unapofungwa kwa kunukuu alama zake za fantasi au idadi ya mipira aliyoiondosha. Beki anayeongoza ligi kwa kuondosha mipira huenda ni hodari, au huenda timu yake imeshindwa kumiliki mpira kwa miezi tisa. Namba peke yake haiwatenganishi, na njia ya karibu ya kuwatenganisha ni kugawa matendo hayo kwa muda ambao wapinzani walikuwa na mpira. Ukifanya hivyo, baadhi ya mabeki wanaong'ara kwenye jedwali watarudi katikati, na baadhi ya mabeki wa timu kubwa, wanaoonekana wavivu, watapanda.

Kwa meneja anayetaka alama tu, mwongozo unaotokana na haya yote una uzito usio sawa. Mabao ambayo timu inatarajiwa kufungwa yatangulie, kwa kuwa ndiyo yanayotabirika vizuri zaidi kwa kipindi cha mechi nyingi; majukumu ya mipira iliyokufa yafuate; matendo ya kujilinda yatumike kuchagua kati ya mabeki wa bei ya chini, wale ambao wastani wao uko 10 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo uwezekano unaporomoka haraka. Mabao aliyofunga beki msimu uliopita yaje mwisho kabisa. Na katika wiki moja moja, mpangilio huu utashindwa mara nyingi kuliko utakavyofaulu, kwani hata ukuta bora wa 2023/24 uliruhusu bao katika mechi 20 kati ya 38.