Wanafunzi kubadilisha jeni za bakteria: hatari iko wapi hasa?

Vijana wa chuo hapa Uganda wakisema tu wanataka kutengeneza bakteria wa kula kaveera, yaani mifuko ya plastiki, watu wanagawanyika hapohapo, wengine wanashangilia, wengine wanasema nyinyi mtatuletea ugonjwa. Na hawa wenye hofu siwezi kuwabeza, nchi hii imeona Ebola Gulu mwaka 2000, Bundibugyo 2007, Mubende 2022, tena Kampala 2025, mtu aliyezika ndugu yake kwa mlipuko hawezi kusikia habari za vijidudu vya maabara akatulia.

Ila wanachoshika hawa vijana si Ebola. Wengi wanaanza na bakteria anayeitwa E. koli, aina ya K-12, hiyo imefugwa maabara tangu 1922 mpaka imezoea kulishwa, ukiimwaga mtaroni bakteria wa huko wanaishinda. Wanaipa plazmidi, yaani kaduara ka DNA kenye jeni wanayotaka, halafu wanaangalia kama inafanya kazi. Mwaka 2006 wanafunzi wa Edinburgh walipata hivyo bakteria wa kugundua aseniki kwenye maji ya kunywa, ilikuwa mashindano ya iGEM, ya wanafunzi wanaobuni viumbe kwa kubadilisha jeni, yaliyoanzia chuo cha MIT kule Marekani, na iGEM yenyewe haikubali kiumbe kilichobadilishwa kitolewe nje ya maabara.

Watetezi wengi wanaishia hapo, na mi naona wanaishia mapema mno. Plazmidi nyingi zina jeni ya kukinza antibiotiki, ndo inayomsaidia mwanafunzi kujua bakteria gani wameipokea, na dawa zenyewe ni kama ampisilini na kloramfenikoli, zilezile za hospitali zetu. Bakteria wanapeana jeni. Kweli usugu umeshajaa kwenye maji taka hata bila wanafunzi, lakini hiyo si ruhusa ya kuongeza. Kwa hiyo mi swali langu la kwanza kwa mradi wowote ni taka zinaenda wapi. Otoklevu, yaani chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, inatakiwa ifike digrii 121 na ikae hapo kama dakika 20, sasa umeme ukikatika katikati unatakiwa uanze upya, je yule kijana saa mbili usiku ataanza upya kweli au atafunga mfuko aende hosteli? Mimi hilo linaninyima raha kuliko jeni zote.

Sheria nayo bado. Bunge lilipitisha muswada wa kusimamia mambo ya kubadilisha jeni 2017 rais akaurudisha, likapitisha tena 2018 kwa jina jipya, 2019 akaurudisha tena. Tunachotegemea ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na kamati yake ya usalama, ndo walioruhusu hata majaribio ya ndizi zilizobadilishwa jeni kule Kawanda, yakafanyika ndani ya uzio. Wengine wanataka wanafunzi wazuiwe mpaka sheria ipatikane, mi sikubali, maana mnyauko wa ndizi na magonjwa ya muhogo hayasubiri Bunge na hao vijana ndo watakaoyapambania kesho. Lakini kumpitisha mwenye K-12 kwenye foleni moja na anayechota udongo wa jalala la Kiteezi, Kampala, kutafuta bakteria wa kula plastiki pia si sawa. Huyu wa Kiteezi hajabadilisha jeni hata moja, watu wanamwona hana shida, kumbe ndo anaotesha vijidudu asivyovijua kutoka jalala lenye kila aina ya uchafu. Huyo ndo akaguliwe zaidi.

Na wazo la kumwaga bakteria waliobadilishwa juu ya jalala nalikataa kabisa, wakishatoka hakuna wa kuwarudisha. Watumie kimeng'enya chenyewe, yaani ile protini ya bakteria inayovunja plastiki, wakikamue ndani ya maabara bakteria wauawe humohumo, kimeng'enya hakizaliani. Najua ni gharama, kukisafisha kunataka mashine na baridi ya uhakika, na vyuo vingi friji yenyewe inagombaniwa, kwa hiyo anayewaambia vijana wafuate njia hii awape na bajeti yake.