Hela Zako, Goti Lako

Wenzetu waliotangulia Ulaya hawasemi ukweli. Wanatuma picha: miwani kama ya rubani, mlima mweupe nyuma, dole gumba juu. Hakuna anayetuma picha ya ile nusu saa ya kuvaa viatu. Basi umekaa zako München, Ujerumani, au Wien, Austria, Februari imefika, wenzako kazini wanasema twende milimani Tirol, huko huko Austria, mwisho wa wiki, nawe unakubali kwa sababu kukataa mara ya nne kutaonekana kiburi. Ndiyo umeshaingia. Mchezo wenyewe ni skii, kuteremka mlima wa theluji ukiteleza juu ya mbao mbili zilizofungwa miguuni, na kila utakachoshauriwa na mwili wako kuanzia hapo ni uongo.

Duka la kukodishia ndipo balaa linapoanzia. Kijana wa kaunta anakuhoji kama uhamiaji: umri, urefu, kilo, kiwango chako. Mwenye kilo 94 anasema 75, haya zinamsumbua. Ambaye theluji ameikanyagia kituo cha basi tu anasema "kiwango cha kati", maana shemeji yuko pembeni anasikia. Kumbe kijana hana umbea. Kila ubao una vifungio viwili, cha mbele kinabana ncha ya buti, cha nyuma kinabana kisigino, na kila kimoja kina springi yenye namba iitwayo DIN. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama ukianguka ubao utakuachia au mtabaki pamoja. Inatafutwa kwenye jedwali kwa kilo, urefu, umri, kiwango, na urefu wa soli ya buti kwa milimita. Mtu wa kilo 75 anayeanza huangukia karibu na tano.

Ukijipunguzia kilo, springi inawekwa laini: uko katikati ya kona, ubao unachomoka wenyewe na kuondoka na safari zake. Ukijipandisha daraja, springi inakazwa: umeanguka, ubao umegeukia huku, goti limegeukia kule, na hakuna kilichofunguka. Kano za goti hazijui kwamba ulikuwa unamwonea aibu shemeji. Waliofika miaka 50 jedwali linawashusha ngazi moja, na hapo watu hununa kama wamenyimwa pensheni.

Haya, buti. Saizi ni sentimita za mguu, 26.5 kwa mfano, si ile 42 uliyoizoea. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti hadi ugoko uegemee ulimi wa buti, vidole vinarudi nyuma kidogo. Ndiyo saizi yako hiyo. Wewe utasema inabana, nipe kubwa. Usithubutu. Buti kubwa mguu unaogelea ndani, unageuza mguu, ubao hauna habari. Na baridi isikudanganye ukavaa soksi mbili. Soksi ni moja, ndefu, nyembamba, ya sufu. Ya pili inabana damu, na damu isipopita vidole vinaganda kuliko ukiwa na moja. Suruali ya ndani nayo isiingie ndani ya buti, mkunjo mdogo tu wa kitambaa utakutoboa ugoko hadi saa kumi. Buti zisilale ndani ya gari: plastiki ikiganda hata mpiganaji mieleka haifungui. Vibano ni vinne. Funga vya juu kwanza huku ukibania kisigino nyuma, kisha vya chini kwa upole. Jinzi acha nyumbani. Pamba inakunywa jasho, halafu inakugandia mwilini.

Sasa umevaa, unatembea kama roboti aliyeishiwa chaji, unafika kwenye geti la lifti za kupandishia mlimani. Katika maeneo makubwa ya Austria tiketi ya siku ya mtu mzima imepita euro 70. Usiende kumlilia jamaa wa Colorado, Marekani, huko Vail bei ya dirishani siku za msongamano imeshavuka dola 300. Tiketi yenyewe ni kadi. Iweke mfuko wa kushoto, peke yake, mbali na simu, kwa kuwa mashine ya kusomea kadi getini iko kushoto. Wasiojua wanasugua nyonga kwenye mashine kama ng'ombe anayewashwa, na nyuma foleni ya Wajerumani inapumua kwa sauti.

Uwanja wa wanaoanza una mkanda wa kusimama juu yake, unakupandisha taratibu, na abiria wenzako wana miaka minne. Wao hawaogopi kitu. Kabla ya kukanyagia vifungio, pangusa theluji chini ya soli, bila hivyo kisigino hakishiki utakanyaga mpaka jioni. Kama uko kwenye mteremko, mbao zikae kukata mlima, na uanze na ule wa upande wa bondeni. Halafu mwalimu anakwambia "pizza": ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, hapo unapunguza mwendo. "Chipsi": mbao sambamba, unaenda. Lugha ya chakula tupu, na wewe hujanywa hata chai.

Mlima ukianza kukuvuta, mwili utakuamuru uegemee nyuma. Akili ya kibinadamu kabisa! Nayo ndiyo inayokumaliza. Ukiegemea nyuma uzito unaondoka kwenye ncha za mbao, ncha hazishiki, pizza inafunguka, umekuwa chipsi bila kupenda. Dawa ni kuinamia kule kunakokutisha: ugoko kwenye ulimi wa buti, mikono mbele kama umebeba sinia la wageni. Kukata kona kushoto unakandamiza mguu wa kulia. Ndiyo, wa kulia. Usiulize, kandamiza.

Ukihitimu hapo kuna lifti ya kuburuta, Wajerumani wanaiita nanga. Ni fimbo yenye umbo la T iliyoning'inia kwenye waya, inawavuta watu wawili, kila mmoja na tawi lake nyuma ya mapaja. Inafanana na kiti. Inakuja kama kiti. Urefu wa kiti. SI KITI. Ukikaa, waya unarefuka, na makalio yanafika chini kabla hujaomba msamaha. Unasimama tu, magoti malaini, mbao ndani ya mifereji miwili ya theluji, unaburutwa. Msipande mume mwenye mita 1.90 na mke mwenye 1.55: tawi litamkaa mmoja kiunoni na mwenzake chini ya magoti, ndoa itajadiliwa hadharani. Ukianguka, jiviringishe utoke njiani kwanza, heshima utaitafuta baadaye, maana nanga nyingine iko nyuma yako na haina breki.

Wapo wanaosema basi nachukua snoubodi, ubao mmoja, shida nusu. Nusu! Kwanza ujue mguu gani unatangulia: mtu akusukume mgongoni bila kukuonya, mguu uliotoka mbele kujiokoa ndio huo. Siku mbili za mwanzo utazimaliza kwa makalio. Ubao unakaa kwenye ukingo mmoja, wa visigino au wa vidole. Ukingo wa upande wa bondeni ukigusa theluji kwa bahati mbaya, unapigwa chini kabla ya kusema "eh". Na hapo mwili utakuambia utangulize viganja. Ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika. Kunja ngumi, ukianguka mbele pokea kwa mikono kuanzia viwiko, ukianguka nyuma kidevu kifuani. Penye tambarare wenye skii wanasukuma kwa fimbo zao wanapita. Wewe unafungua mguu wa nyuma na kujisukuma kama mtoto na skuta yake.

Aliyezoea bodaboda ana ugonjwa mwingine: kila dakika anatazama nyuma. Hapa sheria ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii, namba 3 kati ya 10, inasema anayetoka nyuma ndiye wa kukukwepa. Tazama juu pale tu unapoanza kuondoka au kuingia njia nyingine. Rangi nazo: Austria bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe. Marekani rahisi ni kijani, bluu ni ya kati, kwa hiyo ubingwa wako wa bluu ya Tirol usiupeleke Colorado.

Usiseme sisi watu wa joto hatukuumbiwa haya. Kisingizio hicho kilishaharibiwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, Kilifi ya minazi, aliyekulia Austria na kuiteremkia Kenya milima ya Pyeongchang kwenye Olimpiki ya mwaka 2018. Kabla yake Mkenya mwenzake Philip Boit alimaliza wa mwisho kilomita 10 za skii ya nyika kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Wewe hata wa mwisho hujawa, hujamaliza.

Jua nalo. Baridi nyuzi sita chini ya sifuri, nani atawaza losheni? Lakini theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na miale hiyo huongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Weusi haukukingi vya kutosha. Jumatatu kazini unabambuka pua na alama ya miwani usoni kama kima. Paka hadi chini ya kidevu, miale inatoka chini.

Saa sita kwenye kibanda cha mlimani wanakula Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai iliyoraruliwa vipande, sukari ya unga juu, rojo la plamu pembeni. Hapo sina neno. Neno ninalo na aliyejenga choo chini ya ngazi. Ngazi kumi na tano, vigae, maji ya theluji, na wewe una buti zisizokunja kifundo. Legeza vibano, shika ukuta, shuka kinyumenyume.

Lifti zinafungwa kama saa kumi. Ile "ya mwisho moja tu" achana nayo: mapaja yamechoka, theluji imegeuka matuta, na machela ya kuburutwa inatozwa hela, helikopta usiseme. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya hailipii kuokolewa mlimani, nunua ya pembeni kabla hujaondoka nyumbani.

Na ukirudi kesho kukodi, kijana akiuliza kilo, zitaje pamoja na za Kaiserschmarrn.