Sakafu ya joto: bafuni naikubali, sebuleni hapana

Kila Mswahili ninayemjua anayenunua nyumba hapa Norway huuliza swali lile lile: nitandaze nyaya za joto nyumba nzima? Jibu langu halibadiliki. Bafuni weka hata leo. Sebuleni achana nazo.

Tamaa inakotoka napaelewa. Hita ya ukutani hupasha hewa, hewa inapanda darini, na wewe huku chini vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nyaya zikiwa chini ya vigae, joto linaanzia kwenye nyayo, wala hakuna feni ya kukupigia kelele usiku. Sisi tunaoacha viatu mlangoni na kutembea peku (na wenyeji nao hivyo hivyo) raha hiyo tunaijua.

Kasheshe ni bili. Waya wa joto hukupa kile ulicholipia, yuniti moja kwa yuniti moja. Pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje, kwa yuniti hiyo hiyo inaweza kukupa hata tatu, ingawa baridi ikikaza sana hupungua. Sasa piga hesabu. Bafu lenye sakafu ya mita 4 za mraba, kwa wati 150 kila mita, linakula wati 600; likiwaka jumla ya saa 10 kwa siku ni yuniti 6. Sebule ya mita 25, hata kwa wati 100 tu, ni wati 2,500. Kwa saa zile zile 10 umechoma yuniti 25, kila siku ya Mungu, na majira ya baridi huku hayana haraka ya kuondoka.

Utaambiwa umeme wa Norway ni wa maji, kwa hiyo ni bei poa. Ulikuwa. Mwishoni mwa 2021 bei zilipaa kusini mwa nchi mpaka serikali ikaanza kuchangia bili za majumbani, huku kaskazini bei ikibaki chini, maana nchi imegawanywa kanda 5 za bei. Ushauri wa shemeji yako wa Tromsø, kule kaskazini, usiuhamishie Oslo, huku kusini.

Bafuni ni habari nyingine: eneo ni dogo, na sakafu yenye joto hukausha maji upesi, ukungu ukakosa pa kuotea. Ila chini ya nyaya pawe na kihami joto cha maana, hasa kama zege limekaa juu ya ardhi, la sivyo unalipia kupasha udongo. Kuunganisha umeme ni kazi ya fundi aliyesajiliwa, sheria ndivyo inavyotaka, lakini usimwachie akiwa peke yake. Apime ukinzani wa waya (kiasi unavyozuia umeme kupita) kabla ya kuutandaza, ukishatandazwa, na tena vigae vikishabandikwa. Hitilafu ikionekana mapema, unabadilisha waya; ikionekana mwishoni, unabomoa. Kitambuzi cha sakafuni, kile kidude kinachopima joto lake, nacho kipitishwe ndani ya kibomba chake, ili kikifa kivutwe kitoke bila kuvunja kigae hata kimoja.

Kabla waya haujafunikwa, weka futi ya kupimia sakafuni na upige picha kila kona. Fundi bomba akija miaka ijayo kutoboa sakafu ili afunge choo kipya, umwonyeshe pa kupitisha drili.