Kitunguu cha Singida na mzozo wa "DNA taka"

Nikifundisha wanafunzi wangu hapa Dodoma kutoa DNA, natumia kitunguu chekundu cha Singida kutoka soko la Majengo. Tunakiponda na chumvi na sabuni ya maji, tunachuja kwa kitambaa, kisha namimina spiriti baridi taratibu pembeni mwa glasi. Nyuzi nyeupe zinapanda kama kamasi, darasa zima kimya. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba DNA ya kitunguu ni karibu mara 5 ya yao.

Jenomu yetu, yaani seti moja kamili ya DNA, ina herufi bilioni 3 na ushee, na zinazoandika protini hazifiki asilimia 2. Karibu nusu ni mifuatano inayojirudia. Mmoja wao, uitwao Alu, peke yake una nakala zaidi ya milioni 1. Mwaka 1972 mwanabiolojia Susumu Ohno aliita sehemu kubwa ya DNA yetu taka. Mwaka 2012 ENCODE, mradi wa wanasayansi wa kuchunguza kazi za jenomu, ukatangaza kuwa asilimia 80 ya jenomu ina kazi, na wengi wakaona Ohno kaumbuka.

Mimi sioni hivyo. ENCODE walihesabu hata kipande kinachonakiliwa tu kuwa RNA (nakala ya kazi ya DNA), au kinachoshikwa na protini. Kuguswa si kutumika.

Chukua jeni bandia, yaani nakala ya jeni isiyoandika tena protini; nyingi huzaliwa hivi. RNA ya jeni, ikiwa imeshakatwa vipande vya kati na kubandikwa mkia wa herufi A, hudakwa na kimeng'enya cha LINE-1 (mfuatano unaojirudia unaoweza kujinakili), ikageuzwa kuwa DNA na kupachikwa popote. Nakala hiyo hutua bila swichi ya kuiwasha. Tunazo maelfu, nyingi zikiwa bubu, zikikusanya makosa kizazi hadi kizazi.

Hata hivyo wapinzani wa Ohno wana hoja nzito: PTENP1, jeni bandia iliyotokana na jeni ya PTEN. Mwaka 2010 ilionekana kuwa RNA ya jeni bandia hii hunasa RNA ndogo ambazo zingeizima PTEN, jeni inayotukinga na saratani. Hilo nalikubali kabisa. Ila kutoka nakala moja hadi asilimia 80 ni mbali mno, na mtihani wa kitunguu alioutunga mwanabiolojia T. Ryan Gregory bado unadai jibu: kama DNA yote hiyo ni ya lazima, kitunguu kinaihitaji ya nini mara 5 yetu?

Neno "taka" lenyewe silipendi. Taka hutupwa. Haya ni makorokoro ya stoo, yanabaki kwa sababu hayasumbui vya kutosha. Mara chache huangukia pabaya: mwaka 1988 iliripotiwa kuwa LINE-1 imejipachika ndani ya jeni ya kugandisha damu, na watoto wawili wakapata hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, ambayo wazazi wao hawakuwa nayo.