Nani anawatungia wapiga matarumbeta wa Moshi?

Kwaya za Moshi na Arusha hazina njaa ya nyimbo mpya. Kila Pasaka, kila sikukuu ya mavuno, kila jubilei ya usharika au parokia, kuna mwalimu wa kwaya aliyekesha na daftari lake, na waumini wanaingia kanisani wakijua watasikia kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo. Watunzi wetu wanaandika sauti nne kama wanaandika barua. Wimbo uliotungwa Mwanza wiki hii, wiki ijayo unafanyiwa mazoezi Himo kwa nota zilizotumwa kwenye simu.

Ninachosikitikia ni upande wa ala. Kikundi cha matarumbeta kinachotangulia msafara wa harusi, kinachosindikiza mazishi, kinachofungua ibada ya Krismasi, bado kinapiga nyimbo zilezile za kitabuni walizopiga babu zao. Nazipenda nyimbo hizo na sitaki ziachwe. Lakini sioni kwa nini kwaya iwe na watunzi walio hai, halafu matarumbeta yaendelee kutegemea waliofariki karne zilizopita.

Kwa hiyo naomba jambo moja: sharika, parokia na vyuo vya huku kwetu viwaagize watunzi wetu waandike kwa ajili ya vikundi vidogo vya ala. Uwe muziki wa kukaa chini na kuusikiliza, usio na maneno. Na walipwe.

Muziki wa namna hiyo ndio unaoitwa muziki wa chemba: wapigaji wachache, kila mmoja na sauti yake ambayo hakuna mwenzake anayeipiga, na mara nyingi hakuna wa kusimama mbele kuongoza. Wengi wakisikia hivyo wanawaza fidla mbili, viola na selo kwenye ukumbi wa Ulaya. Mimi nawaza nyuma ya kanisa, jioni ya mazoezi, hapa Kilimanjaro. Wapigaji wamekaa kwenye mabenchi yaliyotolewa nje. Daftari limewekwa wazi juu ya kiti, limeandikwa kwa kalamu: d, r, m, yaani do, re, mi kwa herufi, nukta mbili za kutenganisha mapigo, kistari pale sauti inapovutwa. Mpiga tromboni anainamisha ala yake na kumwaga mate. Mwenye tarumbeta ya kwanza anavuta pumzi, mabega yanapanda, na kwa pumzi hiyohiyo wote wanaingia pamoja bila mtu kuhesabu. Mstari wa pili besi inachelewa kidogo. Kijana wa sauti ya pili anamtupia jicho, na wanakutana kwenye kituo. Kwa kipimo chochote ninachokijua, huo tayari ni muziki wa chemba. Kupeana nafasi, kusikilizana, kuvutana na kurudiana, vyote vipo. Hakuna tu aliyekaa akawaandikia wao.

Vikundi hivi ni ndugu wa vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Ala zilikuja na nyimbo zake. Upande wa uimbaji, hata hivyo, hatukuishia kwenye tulichopokea. Pale chuo cha theolojia cha Makumira, Usa River, mwaka 1966, mwanafunzi wa theolojia kutoka Bukoba, Bernard Kyamanywa, aliandika maneno ya "Mfurahini, Haleluya" juu ya tuni ya Kihaya. Mwalimu mmoja wa chuo, Mmarekani Howard Olson, alikuwa akiwahimiza wanafunzi watunge kwa tuni za kwao, na mkusanyiko wa "Tumshangilie Mungu" ukatoka mwaka 1968. Leo wimbo wa Kyamanywa umo kwenye vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Vipaji vilikuwepo hata kabla ya hapo. Ila safari hii kulikuwa na mtu aliyewaambia wenye vipaji: leteni.

Hivyo ndivyo kazi mpya zinavyozaliwa popote. Kronos Quartet, kikundi cha Marekani cha wapigaji wanne wa ala za nyuzi kilichoanzishwa na David Harrington mwaka 1973, kimejijengea jina kwa kuomba tu kazi mpya, kwa watunzi walio hai, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1992 walitoa albamu ya "Pieces of Africa", na ndani yake yumo jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyewapa wapiga nyuzi hao muziki uliotoka kwenye mdundo wa Kiganda. Baadaye wakaja na mpango wa kazi 50 mpya kwa ajili ya vikundi vichanga, nota zake zikawekwa kwenye intaneti bure. Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mpiga balafoni, ala ya vibao vya mbao vinavyogongwa, ni mmoja wa waliotungia mpango huo. Makumira leo kuna shahada ya muziki, na wanafunzi wanaokutana na ngoma za asili na ala za Kizungu chini ya paa moja. Nota za Diabaté wanaweza kuzipakua jioni hii. Ningefurahi zaidi kama Mali nako wangeweza kupakua zetu.

Najua nitaambiwa ala zetu hazitoshi, mara tarumbeta imezibwa kwa gundi, mara selo iko moja tu na haina mpigaji. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alipokuwa mfungwa wa vita kwenye kambi ya Görlitz alikuwa na wapigaji wa fidla, klarineti na selo, yeye mwenyewe akapiga piano. Akaandikia hao hao. Kazi hiyo ilipigwa mbele ya wafungwa wenzake Januari 1941, na hadi leo wapigaji duniani kote wanatafutana wawe na ala hizo nne ili waipige. Mtunzi anaanza na aliyenaye.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasemao muziki bila maneno hausemi kitu. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, tena walimu. Nawaomba wavuke bahari hadi Unguja. Taarabu ya zamani, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, kwa desturi hufunguliwa na bashraf, muziki wa ala tupu: ala ya nyuzi iitwayo kanuni, udi, fidla na wenzake wanapiga, hakuna anayeimba, na watu wanatulia. Ni Waswahili hao, mashabiki wakubwa wa mashairi na mafumbo, na hawajaona kwamba bashraf inawapunja. Sasa huku bara tunashindwa nini?

Nina neno pia kwa watunzi wenyewe. Tafadhali msichukue tuni ya Kichaga mkaivika sauti nne za kitabuni mkaiita kazi mpya. Huko tumeshapita. Kaeni na waimbaji wa Kimaasai, Monduli hapo si mbali, msikilize kazi inavyogawanywa. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha. Wenzake wanashikilia chini mkoromo wa koo unaokwenda na pumzi, na juu yake wengine wanakatiza kwa vilio vifupi. Kila tabaka lina kazi yake, na hakuna linalofuata jingine nyuma kama sauti ya pili inavyofuata ya kwanza. Hebu mpe tuba, ile ala kubwa ya besi, ule mkoromo, tromboni mbili zipokezane pumzi, tarumbeta moja iwe olaranyani na nyingine iwe inakatiza. Nikiwaza hivyo tu nywele zinasimama. Ala ni zilezile za Krismasi, na nina hakika hazijawahi kuulizwa swali la namna hiyo.

Fedha zipo, jamani. Kwaya inashona sare mpya za kitenge, inakodi watu wa video, inalipia basi la kwenda kurekodi. Sehemu ndogo tu ya bajeti hiyo ingemlipa mtunzi kwa kazi moja fupi. Na kwenye mashindano ya kwaya, ambako kwaya zote hupewa wimbo mmoja wa kushindania, kwa nini kusiwe na kazi moja mpya ya matarumbeta ambayo kila kikundi kitaipiga? Washiriki wataisikia ikirudiwa siku nzima, na kufikia jioni watoto wa Sunday school watakuwa wanaipiga mluzi.

Huko kurudia ni muhimu kuliko tunavyodhani. Mtunzi wa Austria Arnold Schoenberg na wenzake walianzisha chama Vienna mwaka 1918 kwa ajili ya kusikiliza muziki mpya. Kazi zilifanyiwa mazoezi ya kutosha, makofi yalikatazwa, na kazi ngumu ilipigwa tena, wakati mwingine siku hiyohiyo. Makofi mimi nisingeyakataza Moshi, wala nisingeweza. Ila kupiga mara mbili, naam. Kazi mpya ikipigwa mara moja, msikilizaji anabaki anajiuliza kama wapigaji wamekosea.

Mtunzi unayesoma haya, agizo linaweza kuwa fupi tu: tarumbeta mbili, tromboni mbili, tuba, dakika tano, nota za mistari na za d-r-m kwa pamoja, maana wapigaji wetu wengi wanasoma hizo za pili, tarumbeta ya kwanza isipandishwe juu muda mrefu, midomo inachoka, na nakala zibaki wazi kwa usharika wowote utakaoziomba.