Ukucha Wangu na Nyonga ya Ja Morant

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kulia umeota upande tangu Aprili 2025, na aliyeukanyaga anakula kwangu, analala kwangu, na bando analoperuzia nanunua mimi. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuja kwa wiki mbili tu kutafuta kazi. Sensa ikamkuta humu humu, akahesabiwa.

Ugomvi wetu chanzo chake Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, mwaka 2009, NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, ilipogawana wachezaji wapya, akachaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies. Basi wote tukawa Memphis, hata sisi ambao kikapu tulichokijua ni cha nyanya. Thabeet akazungushwa huku na kule, mwaka 2012 akatua Oklahoma City Thunder. Mimi nikahama naye, kama mtu mwenye adabu. Shemeji akagoma, eti timu haihamwi. Mtu ambaye hajawahi kumaliza miezi sita kwenye kazi moja!

Aprili 2013, Patrick Beverley wa Houston Rockets akamrukia Russell Westbrook wetu aliyekuwa anajiendea zake kuomba taimauti, yaani mchezo usimame kidogo. Goti likaharibika, msimu wake ukaishia pale. Tukawatoa Houston kwa kuchechemea, raundi iliyofuata tukakutana na nani? Memphis. Wakatufunga mechi 4 kwa 1. Shemeji akanywa soda yangu akisherehekea, nilipomtaja Beverley akasema, "Shemeji, yule alikuwa anaufuata mpira." Mpira! Mimi nikifuata kuku wa jirani hivyo, nalala kituoni.

NBA wana utaratibu wao. Faulo mbaya zina madaraja mawili: la kwanza, aliyeumizwa anapewa mitupo miwili ya bure na timu yake inabaki na mpira, la pili, aliyeumiza anatoka nje kabisa. Waamuzi wanaenda kwenye skrini, wanarudia picha, wanaivuta polepole mpaka unaona jasho linavyodondoka. Sebuleni kwangu madaraja ni mawili pia. Akifanya wa kwangu, ni ushindani. Akifanya wa kwako, huyo mtu hata kwao wanamkimbia.

Mwaka 2016 ndiyo sitaki kuuzungumza, lakini ngoja niuzungumze. Fainali ya kanda ya Magharibi, Draymond Green wa Golden State anarusha mguu, unatua kwa Steven Adams wetu mahali ambapo mwanaume anapatunza kwa niaba ya ukoo mzima. Nilijikunja mimi huku Tanzania. Adhabu yake? Faini, dola 25,000, na mechi inayofuata yumo. Mimi kwa kusahau kununua unga tu niliwahi kufungiwa chakula cha jioni siku mbili mfululizo. Tulikuwa tunaongoza 3 kwa 1, wakatutoa 4 kwa 3. Fainali kuu akampiga LeBron James wa Cleveland kulekule, pointi anazoandikiwa mtu kwa faulo mbaya zikamjaa, akafungiwa mchezo wa tano. Timu yake nayo ilikuwa inaongoza 3 kwa 1, ikalala. Yaani haki yangu ilitumwa kweli, ila ikapokelewa Cleveland. Na mwezi Julai Kevin Durant wetu akaenda kuchezea timu hiyohiyo ya mpiga mateke. Niacheni.

Shemeji alisemaje kuhusu lile teke? "Mguu ulijirusha wenyewe."

Msidhani ni yeye tu. Kinyozi wangu ni San Antonio Spurs wa kufa na kuzikwa. Ukikaa kitini kwake, kabla hajakufunga kitambaa, atakusimulia Mei 2017: Zaza Pachulia wa Golden State alivyoingiza mguu chini ya Kawhi Leonard wao aliyekuwa angani, kifundo kikageuka, Spurs waliokuwa mbele kwa pointi 23 wakafungwa 113 kwa 111. Anasimulia kama msiba wa juzi. Siku moja sijui nilipatwa na nini, nikauliza, "Na Bruce Bowen wenu je, si alilalamikiwa miaka yote kwa mchezo huohuo wa mguu?" Wembe ukasimama. Ulikuwa hapa, chini ya sikio. Akaniambia taratibu, "Bowen alikuwa anakaba." Nikamwambia naam, alikuwa anakaba vizuri sana. Mtu ana watoto.

Sasa turudi kwenye ukucha. Alfajiri ile, Memphis wanatuchapa nusu ya kwanza mpaka aibu, Ja Morant wao anakimbia peke yake kwenda kufunga. Lu Dort wetu anamfukuzia, anateleza, anaangukia miguuni kwake. Morant akaanguka vibaya, nyonga ikaumia, mechi ikamwishia hapo. Nimeirudia mara kumi na nne. Ameteleza. Sakafu za Wamarekani zinapigwa deki mno, mtu yeyote anateleza.

Shemeji akaruka kutoka kwenye kochi akipiga kelele za "muuaji!" akatua juu ya kidole changu. Kilo tisini za ugali wangu mwenyewe. Nikalia mpaka mke wangu akatoka chumbani na khanga begani. Nikamweleza: kaniona, kalenga, kakanyaga, na kabla ya hapo alikuwa ananitazama mguu. Nikataka na kituo chake cha kazi kitajwe kwenye kumbukumbu: hana.

Mke wangu akamtazama mdogo wake. Akanitazama mimi. Akauliza runingani kuna nini, nikamwonyesha marudio, nikamfafanulia vizuri kuhusu sakafu.

"Kwa hiyo huyo wa kwako aliteleza?"

"Aliteleza."

"Basi na mdogo wangu kateleza."

"Kateleza kutoka kwenye kochi?"

"Jana si ulilimwagia chai?" Akarudi kulala.

Kipindi cha pili tukafukia shimo la pointi 29, tukashinda 114 kwa 108. Nikashangilia kwa mguu mmoja.