Nyumba Isiyo na Pa Kununia

Mwanamume akikosana na mkewe kule kwetu Tanga, anajua pa kwenda. Anavaa kandambili, anatoka barazani, anakaa na wazee, anapiga kahawa kikombe juu ya kikombe mpaka hasira ipoe au njaa imrudishe ndani. Mimi sina baraza. Mimi naishi kwenye tela.

Nasema tela kwa sababu ndilo neno nililomwambia shangazi kwenye simu, na nikajuta. Kwa shangazi, tela ni lile linalovutwa na trekta, limesheheni mkonge, vijana wamekaa juu. Akanyamaza. Kisha nikamsikia anamwita jirani: "Njoo umsikie huyu mtoto, Marekani imemshinda, analala kwenye tela!" Nikajitetea. Shangazi, lina kitanda. Lina jiko, lina friji, lina na choo ndani.

"Choo? Ndani ya tela?"

Hapo ndipo alipoanza kulia kwelikweli.

Lawama zote zipelekwe kwa hesabu za mama watoto. Yeye ni nesi, wale wa mikataba ya wiki 13. Leo uko hospitali ya mji huu, mkataba ukiisha unafungasha, unahamia mji mwingine. Na wenye nyumba huku wengi wanataka usaini miezi 12. Basi akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akanigeuzia nisome. Mimi hesabu za mke wangu sizipingi, zinanipiga zenyewe. Tukauza makochi, tukauza meza ya watu sita, tukanunua pikapu kuukuu na tela la futi 28. Hizo futi 28 ni za kwenye karatasi, humo wamehesabu na ule mkono wa chuma wa mbele ambao hata paka halali juu yake. Upana futi 8. Nyumba ya bibi Ngamiani ina vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, na ukumbi katikati. Nilipolipima tela kwa hatua ndipo nilipoelewa: nimevuka bahari kuja kuishi kwenye ukumbi wa bibi, na vyumba vyenyewe vimebaki Tanga.

Kulivuta si kazi. Kazi ni kulirudisha nyuma. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto, kama mtoto wa darasa la tano. Mama watoto anasimama kule nyuma, anageuka konda: "Njoo, njoo, njoo... kata! Kata upande ule!" Upande upi? "Ule!" Kwenye kioo namwona mkono mmoja tu unapunga, sijui unaniita au unaniaga. Na hivi viwanja vya matela vimejaa wastaafu wasio na shughuli. Wakiona tela linaingia, wanatoa viti vyao vya kukunja, wanakaa. Siku ya kwanza nilitumia dakika 40 na nikaangusha kinguzo cha bomba la maji. Wakanipigia makofi.

Sheria ya humu ndani ni kwamba kikiingia kimoja kinatoka kimoja. Ukinunua shati, chagua la kuaga. Vitabu vyangu vimeaga, viatu vya harusi vimeaga. Nilipoigusa mbuzi ya nazi, mama watoto akasema bora niage mimi. Kwa hiyo mbuzi ina makazi ya kudumu chini ya kitanda. Safari ya kwenda Amarillo, kule Texas ya kaskazini ambako upepo haujui kupumzika, nilisahau kuifunga kamba. Tunafika usiku, nafungua mlango, nawasha taa: mbuzi ametembea nyumba nzima. Amechana zulia kutoka kitandani hadi jikoni, njiani amefungua kabati la chini, amelala mlangoni kwa choo, meno nje, ananitazama mimi niliyechelewa. Unga wa sembe kila mahali. Tulikula mkate.

Umeme nao una siasa zake. Tunapewa ampea 30 kwa volti 120. Zidisha mwenyewe: wati 3,600, hapo ndio mwisho wa utajiri. Kiyoyozi kinakula kama 1,500, jagi la kuchemshia maji linakula 1,500 jingine, na akitokea mtu akawasha maikrowevu kupasha wali wa jana, pwa! Giza. Kwetu mgao wa umeme ulitangazwa na wakubwa. Humu waziri ni mimi. Natangaza kwa sauti: "Jamani, kiyoyozi kinazimwa dakika tano, chai inachemka!" Agosti tulikuwa Houston. Agosti ya Houston mtu anachaguzwa kati ya chai na uhai, na mimi ni mtu wa chai.

Tangi la maji ya moto ni galoni 6, kama lita 23. Nililisoma lile bango mara mbili. Lita 23 ni ile ndoo! Ndoo yangu ya plastiki ya utotoni, nimeikimbia miaka yote hii, nimeikuta Marekani imejificha ukutani. Anayeoga wa kwanza anaimba. Wa pili anasali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwenye sahani mkononi aiweke chini kwanza.

Tela lina matangi matatu. La maji safi, la maji ya sinki na bafu wanayoyaita ya kijivu, na la choo, wanaloliita jeusi kwa heshima tu. Hilo jeusi lina vali yake nje. Unaivuta, mzigo unapita kwenye mpira mnene hadi kwenye shimo la kiwanjani. Mimi nikafikiri kama muungwana: uchafu wa nini kuutunza nyumbani? Nikaivuta vali, nikaiacha wazi. Wiki tatu nimetulia, najiona fundi. Kumbe maji yalikuwa yanatangulia kwenda zake, na wenzake wanabaki. Wanakaa. Wanapangana. Siku choo kilipogoma nikamulika tochi kwenye tundu, nikaona kichuguu.

Akaja jirani, mzee mstaafu aliyenipigia makofi siku ile, akainama, akanusa hali ya hewa, akauliza: "Mnatumia maji kiasi gani humu?" Nikaona haya. Nikamweleza kwa kuzunguka kwamba sisi kwa desturi zetu, mzee wangu, ni watu wa kopo. "Kopo gani?" Nikamletea kopo. La kijani, la plastiki, lina mdomo mrefu. Wageni wakija wanadhani la maua. Akalishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akalisifu. Akasema hiyo ndiyo dawa, wengi humu wanaua matangi kwa karatasi nyingi na maji ya kunyunyiza. Kosa langu ni vali tu. Ifungwe, tangi likaribie kujaa, kisha uivute kwa mkupuo ili maji yaondoke na kila mtu wake. Ukimaliza, unafungulia la kijivu lipite nyuma lisafishe mpira. Tulimwaga ndoo za maji mle siku mbili, na kichuguu kikasalimu amri. Wiki iliyofuata niliona kwenye ngazi za jirani kopo jipya la bluu. Maua hana.

Baridi nitaisema kwa kifupi maana hata kuikumbuka naumwa mifupa. Mpira wa maji ukiuacha nje Januari ya Amarillo, asubuhi unauokota kama fimbo ya mzee. Na mtungi wa gesi wa kilo 9 hauishi mchana. Haujawahi. Unasubiri saa tisa za usiku, hita inakohoa mara moja, kimya, na hapo unajua ni nani atakayetoka na tochi mdomoni kubadilisha mtungi. Si nesi.

Maana nesi usiku hayupo. Anaingia kazini saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi, usiku mara tatu kwa wiki, na mchana analala. Na mimi kazi yangu ni ukalimani wa simu. Yuko mama wa Kikongo kwenye zahanati fulani, yuko daktari, mimi katikati nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Hiyo kazi hainong'onezwi. Basi ofisi yangu ni pikapu. Blanketi miguuni, daftari juu ya usukani, chupa ya chai pembeni. Nikirudi ndani natembea kama mwizi kwenye nyumba niliyoilipia, maana sakafu ya tela ni mbea: ukiinua mguu jikoni, kitanda kinajua.

Ndiyo maana nikasema humu hakuna pa kununia. Kununa kunataka nafasi. Kunataka mlango wa kubamiza, na chumba chetu mlango wake ni pazia. Umewahi kubamiza pazia? Nimejaribu. Linarudi linakupapasa shavu.

Juzi tumekosana. Chanzo ni mtungi: nani alisema ataujaza. Mimi najua nani alisema, na yeye anajua nani alisema, ila hatumjui mtu mmoja. Nikaona nisijibu, nikaingia bafuni kununa. Bafuni unanuna dakika sita, kisha galoni zinaisha na hasira inageuka kuwa kutetemeka. Nikatoka. Pazia limefungwa, kimya. Nikasema vizuri, kalala na kiburi chake. Nikavaa koti, nikavaa kandambili juu ya soksi, nikamimina kahawa, nikatoka kwenye upepo kuelekea pikapu, mwanamume anayekwenda barazani kwake.

Nikavuta mlango. Umefungwa kwa ndani.

Mama watoto yumo, kwenye kiti changu, amejitanda kanga juu ya koti, blanketi langu miguuni, chupa yangu ya chai mapajani, hita inaunguruma. Amenuna vizuri, kwa nafasi. Akanitazama mpaka kandambili. Akateremsha kioo vidole viwili.

"Kuna mtu," akasema, akakipandisha.